Mashudu ya Masele

"Ngoko, jua limetoka Nkololo. Anika mbegu."

Scola, ambaye kikosi cha polisi kilimwita Ngoko, alikata simu ya mkuu wake, Bundala, akatema mate. Maana ilikuwa moja tu: ingia kiwandani, sasa hivi.

Pikipiki yake, Boxer, ilisimama mbele ya kiwanda cha mafuta ya pamba cha Masele, nje kidogo ya Bariadi. Kilemba kilificha kifaa cha sikioni. Kitenge kilificha bastola, Glock. Kifungo cha blauzi kilikuwa kamera. Mkononi, ndoo ya mnunuzi wa mashudu, yale makapi ya mbegu wanayolishwa ng'ombe.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu Masele mlangoni.

"Mwangaluka, mayu. Jichotee."

Ndani, alielekeza kifungo cha blauzi mbele. Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa ya wadudu, mali ya magendo, nyekundu kama kidonda kibichi, zilimwagwa kinuni pamoja na mbegu safi. Nzi alitua juu ya pipa la mafuta.

Hakuruka tena.

Nje, lori la Fuso lililokwisha pakiwa lilinguruma. Madumu mia nane, mafuta ya kukaangia maandazi ya watoto wa Maswa.

"Bundala, zuia gari!" alinong'ona.

"Ushahidi, Ngoko. Majibu ya maabara ni kesho kutwa. Atasema anasafisha."

Na Scola alipomuuliza mafuta yanasafishwaje, Masele akasema hivyo hivyo, tena kwa kujigamba.

"Natia soda, nachuja kwa udongo, nafukiza kwa mvuke. Uchafu utabaki wapi, mayu?"

Scola alitupa jicho kwenye magunia ya udongo wa kuchujia. Hayajafunguliwa. Buibui wamejenga juu yake.

Dereva alipiga honi.

Ndipo alipoliona zizi la Masele. Kando ya hori, magunia ya mashudu yenye chapa ya kiwanda cha Maswa.

Msukuma mwenye kinu chake, ananunua mashudu kwa jirani?

Scola alijaza ndoo mashudu ya kinu cha Masele, akaenda moja kwa moja hadi zizini, akaiinamisha mbele ya dume kubwa kuliko yote.

"Weee! Usimpe hayo! Yana dawa, atanifia!" Masele alipiga kelele.



Ndoo ilikuwa haijamwagika hata punje.

"Nimesikia," Bundala alisema sikioni.

Hilux mbili za polisi ziliziba lango. Masele alirukia panga. Glock ilimwahi kidevuni.

"Tulia, baba. Dume umemwonea huruma. Watoto je?"

Masele aliinua mikono. Pingu zikalia.

Scola alinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Harufu haikutoka. Akampigia mdogo wake.

"Winnie, mtoto amekula?"

"Bado, dada. Namkaangia viazi."

"Mchemshie."

Akavaa kofia ngumu, akawasha Boxer.