Mikono Iliyozidi

Tiki-tiki-tiki, kisha kimya. Kifungo alifumbua macho. Tangu utotoni aliamshwa na cherehani ya bibi yake kutoka chumba cha mbele, na zamani haikukatikakatika hivyo. Ilienda mfululizo kama mvua juu ya bati, naye akikaa chini ya meza kuokota vitambaa vya kumvika mwanasesere wake. Huko ndiko alikomeza kifungo, na jina likamganda.

Siku hizi bibi alishona kidogo, akasimama, akautazama ukuta. Kifungo peke yake ndiye aliyejua sababu. Alipokuwa akimsaidia bibi kufunga zipu, aliona uvimbe mdogo kwenye titi lake. Bibi alimwomba asimwambie mama yake. Alidai kwamba hauumi, na mama alikuwa na mzigo wake wa kutosha.

Chumba kile kilikuwa na sheria yake. Karatasi ngumu za kukatia zilitundikwa misumarini: ya kifua, ya mgongo, ya mkono, ya kola. Karatasi iliyolazwa mezani ilikuwa amri ya kukata. Iliyorudi msumarini ilikuwa imemaliza kazi. Jumamosi hiyo bibi alimaliza kukata mikono ya magauni ya shule, akatoka huku mawazo yamemjaa, bila kuitundika karatasi. Kifungo aliikuta mezani. Akashika mkasi, akakata, akakata, mpaka kitambaa cha vifua kikaisha.

Mama aliporudi kutoka kazini alikuta rundo la mikono. Aliuliza kama wateja wao siku hizi ni pweza, lakini hakuna aliyecheka. Basi akaanza kumkaripia Kifungo kwa kuharibu kitambaa cha watu. Bibi, aliyekuwa amesharudi, aliinamisha kichwa.

Kifungo angeweza kuyameza yote kama alivyomeza kile kifungo. Lakini alimgeukia mama yake.

"Mama, bibi ana uvimbe kwenye titi," alisema. "Ndiyo maana anasahau. Aliniomba nisiseme."

Bibi alimtazama kwa jicho kali. "Umeniuza, mke mwenzangu," alisema taratibu.

Vipimo vya hospitalini vilionyesha kuwa ni saratani, bado changa. Bibi alitaka kujua amekosea wapi hata ikampata. Daktari, mwanamke aliyening'iniza miwani kifuani, alimhakikishia kwamba hakukosea popote. Alipohadithiwa kisa cha mikono, aliweka kalamu chini.

"Mwili nao una karatasi zake," alisema. "Mtoto anapoumbwa tumboni, kuna jeni ziitwazo homeoboksi. Husaidia kuamuru: hapa kichwa, hapa mkono, pale mguu. Wanasayansi wamewahi kuona nzi aliyeota miguu kichwani kwa sababu amri moja ilikosewa."

"Sasa huyo viatu angevalia wapi?" bibi aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mama alicheka.

"Kazi ikiisha, nyingi hunyamaza au hupunguza sauti," daktari aliendelea. "Katika baadhi ya saratani tunazikuta zimeachwa mezani. Zinaamuru tena, na chembe za mwili zinatii tu, kama huyu mjukuu wako. Nyingine zilitakiwa kuzuia ukuaji, nazo ndizo zimenyamaza. Hatujajua yote. Lakini rundo dogo huondolewa kwa urahisi kuliko kubwa, na lako mmelileta likiwa dogo."

Bibi alifanyiwa upasuaji, kisha dawa zikafuata kwa miezi. Nyumba ilikuwa kimya, na Kifungo aliikumbuka ile cherehani kama mtu anavyomkumbuka rafiki aliyehama.

Kisha asubuhi moja ikalia, mfululizo, kama zamani. Kifungo alikimbilia chumba cha mbele, akajipenyeza chini ya meza, ingawa magoti yake sasa yaligonga mbao. Bibi alikuwa akiishona ile mikono iliyozidi iwe mito midogo, ya wagonjwa kuegemezea mkono baada ya upasuaji.

"Nilikufundisha kutii," bibi alisema, mguu ukikanyaga polepole, "nikasahau kukufundisha kwamba kuna siri za kukataa. Anayeficha ugonjwa hamwondolei mtu mzigo, anajinyima muda wa kupona. Ulisema kweli nikakununia, na kweli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye kiti hiki."

Kifungo aliegemeza shavu lake kwenye mguu wa bibi.

"Nikiona hata kipele," bibi alisema, "wewe utakuwa wa kwanza kujua, na mama yako wa pili. Naahidi, mke mwenzangu."