Mgongo wa Mwanamke wa Kijivu

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu yoyote ya Februari hapa Milwaukee: theluji chafu kando ya barabara, kahawa iliyopoa, na bosi wetu Gil Hartung akiuliza bango la jibini limefikia wapi. Kabla ya kuhamia ofisi ya matangazo nilifanya kazi gazetini miaka kumi na mmoja, na mazoea ya kuandika siku na saa hayajanitoka. Haya yalitokea kati ya Jumatatu na Ijumaa. Yalimpata Lorna, mke wa kaka yangu Dean.

Lorna alikuwa msanifu wetu wa mabango. Alichukua michoro maarufu akaiingizia bidhaa: malkia wa karne zilizopita amevaa raba, malaika ameshika mswaki. Wachoraji wamekufa, hakimiliki imekufa nao, hakuna wa kulalamika. Mpita njia huutambua mchoro, hucheka, halafu huikumbuka bidhaa.

Safari hii alichagua Meza ya Familia ya Voss, mchoro ambao kila mtoto wa mji huu hupelekwa na walimu kuuona kwenye makumbusho. Watu watano wamekaa upande wa pili wa meza, nyuso zimeelekea kwetu. Wa sita ni mwanamke mwenye gauni la kijivu. Yeye amekaa upande wetu na ametugeuzia mgongo. Uso wake haujulikani.

Mgongo huo ulikuwa unaziba mahali pa kuweka jibini, kwa hiyo Lorna aliufuta. Ilimchukua asubuhi nzima, maana ukimfuta mtu lazima uchore kilichokuwa nyuma yake. Alipomaliza kilibaki kiti kitupu katikati ya bango. Nilimwambia wale watano wanaonekana kama wamenyimwa kitu.

"Wamenyimwa jibini, shem," akasema. "Linakuja."

Mchana mteja alilitazama bango akasema kiti kitupu kinatia huzuni. Alitaka akae mtu wa siku hizi, ili mtazamaji ajione amealikwa. Ofisini kwetu hatukodi mtu wa kupigwa picha kwa kazi kama hiyo. Aliye karibu ndiye anayekaa. Mkono wangu umetangaza gundi, na kisigino cha Gil kimetangaza mafuta ya kujipaka. Lorna alikaa kwenye kigoda na sweta yake nyekundu, nami nikampiga picha kwa nyuma.

"Usininenepeshe," akasema.

"Kaa wima, shem. Unauza jibini, huuzi huruma."

Aliibandika picha mahali pake kwenye kompyuta, akaunganisha matabaka yote ya picha kuwa moja, akaihifadhi kazi juu ya ile ya zamani. Baada ya hapo hakuna cha kurudisha nyuma. Maneno ya chini niliyaandika mimi: Kaa. Bado kuna kipande.

Jumanne mabango kumi na mawili yaliwekwa kwenye vituo vya basi. Mchana wa siku hiyo Lorna alichelewa kuinuka kwenye kiti chake. Alisema miguu imekufa ganzi.

Jumatano kuinuka kulimchukua dakika arobaini. Nilizihesabu. Hakuwa na maumivu. Alikuwa anatazama ukuta mtupu mbele yake jinsi mtu anavyowatazama wenzake mezani. Niliinama nikamuuliza kuna nini. Alijibu bila kufungua midomo vizuri.

"Wananitazama. Nikitaka kuinuka, wanaacha kutafuna."

Alhamisi hakuja. Dean alinipigia simu akasema Lorna alikaa jikoni kunywa chai na hajaweza kusimama. Kaka yangu anashusha mapipa ya bia kwa riziki yake, na mkewe hafiki kilo sitini. Alijaribu kumbeba, akashindwa. Alijaribu kukivuta kiti naye akiwa juu yake, nacho hakikuteleza hata kidogo. Watu wa gari la wagonjwa walimpima mapigo na presha, wakakuta kila kitu sawa. Walimshika watatu kwa pamoja. Mmoja wao aliachia kabla ya wenzake na hakutaka kumgusa tena.

Nilikwenda makumbusho kwa Ottilie Brandt, mtunza michoro niliyefahamiana naye tangu enzi za gazeti. Nilimweleza tulichokifanya. Hakucheka. Alisema mchoraji aliwachora watano tu kwanza. Iko barua yake inayosema hawakutulia mpaka alipowapa mgeni. Mwanamke wa kijivu hakuwa mtu. Alimchora bila kumtazama yeyote.

"Nyinyi mmemweka nani?" akauliza.

Nikamtajia. Akautazama mchoro ukutani.

"Mrudisheni wa kijivu kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Kiti kisikae kitupu."

Nilimsikia. Lakini kumpata msanifu mwingine wa kuchora upya, kumridhisha mteja na kuchapa, wikendi ikiwa katikati, kungechukua siku nne, na Lorna alikuwa hajala tangu asubuhi. Nami nilikuwa na mazoea ya kazi yangu. Kwetu tangazo lenye kosa huondolewa kwanza, marekebisho hufuata. Sikumuomba Gil ruhusa. Nilichukua ufunguo wa fremu za vituoni.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa, kama cha mafundi wa barabarani, nikaanza. Mtu mwenye kizibao hicho haulizwi kitu. Dean alikuwa kwenye simu, sikioni mwangu, amesimama kando ya mkewe.

Bango la kwanza. Dean akasema kidole kimesogea.

La nne. Kifundo cha mkono.

La saba. Lorna alilia kwa sauti.

La tisa sikulikunja mara moja. Wale watano walikuwa wameinama mbele. Siku tulipolipeleka kuchapwa hawakuwa wameinama.

La kumi na moja. Nilimsikia kaka yangu akicheka. "Amesimama," akasema. "Ameshika sinki. Anataka samaki wa kukaanga, eti leo Ijumaa, kama mji mzima." Kwa mbali nilimsikia Lorna akiuliza viatu vyake viko wapi.

Ningeweza kuacha pale. Maneno ya Ottilie yalinijia. Lakini lilibaki moja tu.

Lilikuwa Mtaa wa Mitchell. Nilifungua kioo. Kwenye bango hilo kiti kilikuwa kitupu. Sweta nyekundu haikuwapo. Watano hawakuwa wakikitazama kiti. Walikuwa wakitazama nje ya fremu, mahali nilipokuwa nimesimama, na mbali zaidi nyuma yangu.

Nikalivuta.

Kwenye simu kiti kilikwaruza sakafu. Dean aliita jina la mkewe. Akaliita tena, safari hii kama anauliza. Kaka yangu alikuwa amegeuka kuchukua viatu, basi. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo kwa ndani. Theluji ya uani haikuwa na nyayo.

Polisi walimtafuta kwa wiki tano. Walituhoji mimi na Dean, kila mmoja peke yake, mara tatu. Jalada halijafungwa.

Karatasi za vituoni huchapwa upande mmoja, na nyuma hubaki nyeupe. Mabango yale kumi na moja nyuma yake ni nyeupe hadi leo. La Mtaa wa Mitchell nililikunjua mwezi Machi, nikaligeuza.

Nyuma yake kuna meza ileile, lakini imeonwa kutoka upande wa pili. Karibu nami iko migongo mitano. Ng'ambo ya meza, uso wote unaonekana, yuko Lorna. Macho yako wazi. Mashavu yamejaa chakula ambacho hajakimeza.

Kando yake kuna kiti cha pili, ambacho mchoraji hakukichora wala sisi hatukukiweka. Kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyomvutia kiti mgeni aliyekwisha kufika mlangoni.