Saa Tatu ya Alasiri

Kila siku akitoka shule, mwanangu Jovitha hufanya mambo yaleyale. Anavua sare, anakunywa maji, anasema, "Shikamoo, Babu," halafu anakaa kwenye kigoda kando ya mashine ya babu yake. Mimi nauza mitumba soko la Mchikichini. Nikirudi nawakuta hapohapo, barazani kwenye nyumba tunayopanga Buguruni.

Baba yangu, Mzee Wilbert, alikereza vyuma kiwandani miaka thelathini, yaani alivichonga vikizunguka kwenye mashine. Alipostaafu alikataa kukaa bure. Alitafuta mashine ndogo ya kukereza, akaanza kuunda injini inayoenea kiganjani. Haivuti maji wala haisukumi gari. Majirani walimcheka.

"Mzee, kwenye injini hiyo utampakia nani? Sisimizi?"

"Ndiyo," aliwajibu, "na nyie mtaachwa kituoni."

Tatizo lilijionyesha kwenye chai. Asubuhi moja Baba aliimimina kando ya kikombe, ikatiririka mezani, naye akaendelea kumimina.

"Baba, macho yako vipi?"

"Macho hayana pazia, Hyasinta. Yanaona kila kitu."

Nikamgeukia Jovitha. "Babu yako anaona?"

"Anaona vizuri sana, Mama," alijibu harakaharaka, huku akitazama sakafu.

Mtoto anayeisemesha sakafu ana jambo. Nililijua hilo, nikaacha lipite. Hapo nilikosea.

Wiki hiyohiyo Baba akasema kalipa yake imefutika alama. Kalipa ni kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia unene wa vitu vidogo. Niliifuta mafuta kwa kanga. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mistari niliiona yote.

"Haijafutika, Baba."

"Nimesema imefutika!"

Jumamosi tukaenda sote watatu Kariakoo, upande wa Gerezani, kwenye duka la vifaa la kijana mmoja anayeitwa Ridhiwani. Alitupangia vifaa kwenye kaunta. Kwanza kalipa kama ile ya zamani, yenye mistari myembamba kama nywele. Baba aliisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Siku hizi wanachora mistari kwa uchoyo," alisema.

Ridhiwani akampa maikromita. Hiyo unazungusha mpini wake, na ikishabana chuma inalia trik, trik. Baba akatabasamu. "Hii inaongea!"

"Inakwambia imeshika, mzee wangu. Kipimo haikutajii, lazima ukisome mwenyewe. Na mistari yake ni midogo vilevile." Kisha akatoa kalipa yenye kioo cha tarakimu kubwa. "Kwa macho ya utu uzima, chukua hii."

Lo! Hapo alichokoza nyuki.

"Utu uzima wa nani? Hiyo ya watoto wa magemu! Betri ikiisha utakuja kunipimia wewe?"

"Yaishe, mzee. Basi hii ya mshale." Ilikuwa na uso wa duara kama saa ya mkononi, na mshale mmoja unaozunguka.

"Hiyo!" alisema Baba. "Saa naisoma tangu sijaoa."

Tukiwa njiani niliwaona wananong'onezana, yeye na Jovitha. Nikadhani wanataka miwa.

Alhamisi nilirudi mapema. Nilipofika kwenye kona ya baraza, furushi kichwani, nilimsikia Baba akiuliza, "Saa ngapi, mjukuu?"

"Saa tano, Babu."

Mashine ikalia. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu."

"Bado nene. Twende!" Mashine ikalia tena.

Nilisimama palepale. Msikiti wa jirani ulikuwa ndiyo kwanza unaadhini Alasiri. Saa gani hiyo, inayotoka tano kwenda tatu?

Mara nikamsikia Baba akipiga kelele. Alikuwa ameichomoa pistoni aliyoikereza kwa wiki tatu, akaitia kwenye nyumba yake, lile tundu la injini inamopaswa kubana ikipanda na kushuka. Ilicheza humo kama kokwa kwenye debe.

"Umesema saa tatu!"

"Ndiyo! Mshale ulikuwa pale palipoandikwa tatu kwenye saa!"

"Palipoandikwa tatu ni saa tisa, mtoto wewe! Saa tatu mshale unaelekea kushoto! Nikadhani bado nene, nikakata chuma ambacho hakikuwepo!"

Niliweka furushi chini. "Kwani wewe, Baba, mshale huuoni?"

Kumbe hiyo "saa ngapi" ndiyo lugha waliyopatana ya kuusoma mshale, ili mimi nikisikia nidhani wanaulizana muda.

Jovitha akasimama, kidevu juu. "Niliahidi sitasema, na sikusema! Ukimpeleka hospitali watamkataza mashine yake!"

"Siendi popote," alisema Baba. "Jicho ni langu."

"Jicho ni lako," nilimjibu, ingawa sijazoea kumpinga baba yangu. "Lakini mtoto ni wangu, nawe umemfundisha kuniongopea."

Baba aliigeuza ile pistoni kiganjani. Kisha akasema polepole, "Hyasinta, nipigie pasi shati. Kesho tunaenda."

Huko hospitalini Upanga, Daktari Angelina alimchunguza macho yote mawili. "Mzee, kwenye jicho la kulia una mtoto wa jicho."

"Ninaye," alisema Baba. "Huyu hapa, anaitwa Jovitha."

Daktari alicheka mpaka akaweka tochi chini. Kisha uso ukabadilika. "Huyo wa kulia tutamtoa kwa upasuaji. La kushoto lina presha ya macho, na hiyo haichekeshi. Haiumi wala haiwashi, inakula taratibu kutoka pembeni, na ilichokula hakirudi. Tutakilinda kilichobaki kwa dawa ya matone, kila jioni bila kukosa. Ungekuja mwaka jana, tungelinda kingi zaidi."

Jovitha alilia palepale. Mwaka jana alikuwa tayari anamsomea babu yake mistari.

"Na mashine yake?" aliuliza.

"Nani kamkataza? Avae tu miwani ya kukinga vipande vya chuma."

Jicho la kulia lilipopona, tulirudi kwa Ridhiwani. Baba aliinyooshea kidole ile ya tarakimu kubwa.

"Si ulisema ya watoto, mzee?"

"Funga mzigo, acha maneno."

Ridhiwani alicheka, akabandika kipande cha plasta juu ya kitufe kinachogeuza milimita kuwa inchi, kidole kisije kukibonyeza bila kujua.

Pistoni mpya Baba aliipima mwenyewe. Siku injini ilipozunguka, wale majirani walijaa barazani, naye akawauliza sisimizi wao wako wapi.

Nilimwita Jovitha pembeni. "Siri inayomficha mtu asitibiwe si siri, mwanangu. Ni ugonjwa wa pili. Ukiombwa kuitunza, kataa. Akikasirika, mwache akasirike, akiwa na macho yake." Nanyi watoto mnaosoma haya, nawaambia vilevile, hata kama aliyewaapisha ni babu.

Sasa kila jioni Baba anauliza kutoka kwenye mashine, "Saa ngapi, mjukuu?"

"Saa kumi na mbili, Babu. Inua kichwa, nikutie dawa."