Mgongo wa Severina

Jioni moja ya Julai 1974, jua likizama, Liberatus alipita Kihesa kwa mama mkwe kumchukua bintiye, kifurushi cha posta kikiwa kwapani. Ilikuwa filamu yake, iliyokwenda kusafishwa Ulaya ikakaa miezi mitatu. Shindano la chama chao cha wapiga filamu lilikuwa saa moja jioni hiyo hiyo, ukumbi wa parokia. Ushindi, shauri yao. Yeye alitaka Matilda, mtoto wa miaka miwili, amwone marehemu mama yake, Severina, tena.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Baba Matilda, nenda peke yako. Mtoto akimwona mamaye atamfuata."

"Ni picha tu, Mama."

Picha tu! Jamani, mtu mwenye majonzi haambiliki.

Ukumbini taa zikazimwa. Mashine ikaanza... trrrr... ikanuka vumbi linaloungua. Severina akatokea kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, anapepeta mchele. Na ndani ya mwili wake wakapita watu wamebeba jeneza.

Watu wakageuka kumtazama mpiga filamu.

Liberatus akaelewa, akaona aibu. Filamu ile hupigwa upande mmoja, kisha hugeuzwa upigwe wa pili. Siku ya mazishi, kwa machozi, alisahau kuigeuza. Alipiga msiba wa mkewe juu ya mkewe.

Lakini lililofuata hakulipiga yeye.

Severina aliweka ungo chini. Akageuka, akainama, akafungua kanga, akajipigapiga mgongoni taratibu, kama mama anavyomwita mtoto apande.

"Mama," Matilda akanong'ona.

Akateleza kutoka mapajani. Liberatus akadaka gauni... likamponyoka. Mtoto akafika kwenye shuka, akaegemeza shavu...

Filamu ikakatika.

Taa zilipowashwa Matilda alikuwa amelala sakafuni, mwili wa baridi, anapumua kwa shida. Alfajiri akakata roho. Homa ya mapafu, alisema mganga wa zahanati. Baridi ya Julai. Huenda.

Siku ya tatu Bwana Bartholomeo, mkuu wa waamuzi, alileta filamu na cheti cha ushindi pale msibani. Akainama sikioni kwa Liberatus.

"Pole sana, bwana. Tuliiunga tukaitazama tena. Yule mtoto mgongoni ulimtiaje?"

"Mtoto gani?"

Sasa ni mwaka wa nne. Kila Jumapili baada ya misa mama mkwe huja, hufunga madirisha mwenyewe, husema, "Niwekee." Hajawahi kumlaumu, na hilo ndilo linalomuumiza Liberatus zaidi. Severina anapepeta. Matilda yuko mgongoni, miguu yake imeshuka kupita magoti ya mama.

"Kakua," bibi husema, akifuta macho.

Liberatus kila Jumapili husogeza kiti chake karibu zaidi na shuka, akangoja. Mpaka leo Severina hajamgeukia.