Mpangaji wa Nundu

Jambo la kwanza lililomtatiza mkerezaji, fundi wa kuchonga mbao kwa mashine, lilikuwa mfuko wa shati la mumewe: ulikuwa umejaa maranda.

"Baba watoto, hayo si ya kutupa?"

"Yananukia," mumewe akajibu, akayanusa tena akiwa amefumba macho.

Mkerezaji hakusikia harufu yoyote. Miaka ishirini ya vumbi la mbao ilikuwa imeiua pua yake. Kwake, ile nundu adimu, uvimbe aliouletewa kutoka shina la mti wa porini, ilikuwa kazi tu. Aliipasua, akatoboa kipande chake cha kutengenezea kalamu, akakipachika kijibomba cha shaba kwa gundi, akakifunga kwenye mashine. Na sasa kalamu ilijitokeza chini ya patasi, nyekundu, yenye mishipa kama ya mkono wa mtu.

"Mpenzi," mumewe akasema, "pumzika."

Patasi ikasita. Tangu waoane, mwanamume huyu hakuwahi kumwita hivyo, hata akiwa na homa. Mkerezaji akazima mashine.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Mwenye nundu." Midomo ilikuwa ya mumewe, sauti ilikuwa laini mno, changa mno. "Ulinikwangua kwa chuma, nikatoka na harufu. Huyu akanivuta mwenyewe hadi kifuani. Nimepapenda. Njoo nawe unuse."

"Pua yangu ilikufa zamani. Kwangu huna mlango. Toka!"

Kiumbe kikacheka, na kadiri kilivyocheka ndivyo mashine iliyozimwa ilivyoanza kuzunguka yenyewe, polepole, kisha kwa kasi ya kutisha, maranda yakainuka sakafuni yakamzingira mzee wa watu hadi shingoni, midomo yake ikageuka rangi ya majivu, na kifua kile alichokilalia mkewe kwa miaka thelathini kikapanda, kikabaki juu, kisishuke.

Hasira ya mkerezaji iliitangulia hofu. Akanyakua kopo la vanishi, akachovya brashi.

"Sikiliza, mpangaji! Umehamia nyumba mbovu. Ana pumu, ana presha, usiku anakoroma mpaka kuta zinalalamika. Akifa leo utalala wapi? Kalamu hii nikishaipaka imezibika, hata harufu haipenyi. Rudi sasa, au uzurure milele!"

"Huthubutu. Nitamuua."

"Muue, uone kama utakuwa na kwenu!"

Akaigusisha brashi kwenye kalamu inayozunguka. Machozi yalimtiririka, naye akazidi kupaka. Robo ikazibika. Nusu. Pakabaki upana wa kidole, kisha wa ukucha.

Upepo wa baridi ukampita shavuni, ukazama ndani ya mti. Akaziba.

Mashine ikanyamaza. Mumewe akaanguka juu ya maranda, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa.

"Ichome moto hiyo, mama," akasihi. "Tafadhali."

"Nimfungulie tena mlango? Thubutu! Atakaa humu humu, na barua zangu ataziandika yeye."

Akaifungua kalamu kwenye mashine, akaishika kwa ncha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya vanishi, kwa ndani, ukungu wa pumzi ukatanda, ukafifia, ukatanda tena.

Mkerezaji akautazama bila kupepesa. Kisha akachovya brashi, akaipaka mkono wa pili wa vanishi.