Mvua ya Nairobi, Shamba la Bungoma

Mvua ilipogonga mabati ya Gatwekera, mtaani Kibera, Khamala aliweka randa chini, akaacha kiti alichokuwa akitengeneza, akampigia mama yake Bungoma.

"Mama, mvua imekuja. Panda."

"Huku ni manyunyu tu, mwanangu."

"Ni Machi. Baba alikuwa anapanda Machi. Panda tu."

Mbegu zilitumwa na Khamala, kwa hivyo mama hakubishana. Alipanda. Jua likarudi kali, na mahindi yakakauka yakiwa ya urefu wa kidole.

Mkewe Khamala, Nekoye, huuza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kando ya njia. Mahindi yake yalitoka shambani kwa mama. Sasa ilibidi anunue sokoni, na sokoni bei ilikuwa juu, maana wakulima wengi walipata hasara hiyo hiyo. Akaanza kupika kwa sufuria ndogo.

"Tunakula kiburi chako," alimwambia mumewe.

Khamala akaenda Kawangware, ambako jirani yao Nereah huuza mbegu katika duka la pembejeo.

"Utampigia mama tena ukisikia mabati?" Nereah aliuliza baada ya kusimuliwa yote.

"Sasa nitajuaje?"

"Wewe hutajua. Uko Kibera. Zamani mvua ilikuja kwa wakati wake. Siku hizi dunia imezidi joto, majira yamevurugika. Mama asikilize utabiri wa kaunti yake kwa redio. Halafu achimbe. Unyevu ukifika chini, urefu wa kiganja na vidole, apande. Chukua mbegu hii, inakomaa mapema. Na achanganye na maharagwe. Moja ikikataa, ingine itatoka."

Khamala alituma mbegu. Mvua ikanyesha tena Nairobi, kubwa. Akapiga simu.

"Nimechimba, chini bado kavu," mama alisema. "Lakini ukisema nipande, nitapanda."

Kwa mtu anayetuma pesa nyumbani, ni vigumu kukubali kwamba hajui.

"Shamba unaliona wewe, Mama. Amua wewe."

Mama alisubiri hadi udongo ukalowa vizuri. Mavuno hayakuwa makubwa, lakini mahindi yalitoka na maharagwe pia. Nekoye akarudia sufuria kubwa, na wateja wakarudi.

Siku gunia la mahindi lilipofika kutoka shambani, Khamala alimpigia mama kumshukuru. Kisha akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza tangu aje Nairobi:

"Msimu ujao unataka nikutumie mbegu gani?"