Kadi ya Uzi Mweupe

Siku ya kuamkia Idi, soko la Chake Chake halikuwa na pa kukanyaga. Rahila, mpiga picha, kavaa buibui jeusi na mtandio wa zambarau, alikuwa akipiga picha za madera ya muuza nguo. Kivuli kilimsumbua. Ghafla mwanga mweupe ukaangukia dera. Kijana mmoja alikuwa ameinua sinia jipya la bati la duka la jirani.

"Nani kakwambia nnataka msaada?"

"Dera lenyewe. Lilikuwa linalia kizani."

"We! Sinia hilo unanunua au unachezea?" mwenye duka akamaka.

Hamdan, maana ndilo jina la kijana huyo, ikabidi alinunue. "Usicheke," alimwambia Rahila. "Ipo siku litakuja kwenu."

Mwaka haukwisha, wakawa wanafanya kazi pamoja: picha za mitindo, filamu fupi, video za waimba kasida. Na harusi. Rahila alirekodi kwa wanawake, Hamdan kwa wanaume. Vifuko vya kadi za kamera vya wanawake walivishona uzi mwekundu, vya wanaume mweupe.

"Ya uzi mwekundu siigusi, hata ikidondoka miguuni mwangu," Hamdan aliapa. Kwa hilo kina mama wakawafungulia milango.

Jumatatu moja, baada ya harusi ya Mwatum kule Wete, Rahila alipita kwa kina Hamdan. Dada yake, Mwanakhamis, akamkabidhi kifuko.

"Kaka kasema ni ya kina mama, nisimpe mtu ila wewe."

Rahila alikitia mkobani bila kukitazama. Mwatum alicheza kichwa wazi siku ile, nywele mpaka kiunoni. Hamdan kajuaje kilichomo? Akapiga simu.

"Hamdan, umeiona?"

"Nimeona. Sekunde mbili, laazizi, nikafunga. Sikiliza..."

Alikata. Siku mbili simu iliita, hakupokea. Wakisikia Wete, nani atamruhusu tena kuingia ndani na kamera? Na ahadi yao ya kuoana? Ataolewaje na mtu asiyeweza kuliacha lililofungwa?

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alikitoa kifuko akifiche kabatini. Uzi ulikuwa mweupe.

Akakaa chini. Yote yakamrudia: kadi yake ilijaa bi harusi akiingia, akachukua moja mkobani kwa Hamdan, akajiambia uzi ataubadilisha baadaye. Ngoma zikapigwa. Akasahau. Ilipokwisha harusi, akairudisha palepale. Hamdan kaifungua akidhani ni yake.

"Mbona hukunambia?" alilia kwenye simu.

"Ungenipa nafasi? Nisingekuaibisha kwa kukuandikia kosa lako kwenye ujumbe, Rahila. Nilitaka kwanza bi harusi wa watu asitirike."

"Nisamehe."

"Nishasamehe. Lakini Mwatum lazima ajue. Sema nimekosea mimi."

"Aa. Hilo langu."

Kesho yake alikwenda Wete peke yake. Mwatum alimsikiliza, hina bado haijafifia mikononi. Rahila alisoma moyoni istighfari zisizo na idadi.

"Sekunde mbili?"

"Mbili."

"Na mngenyamaza nisingejua."

"Usingejua."

Mwatum akavuta pumzi. "Nihamishie picha zangu, kisha kadi ifute hapahapa nikiona. Na huyo mwanamme, bibi we, unangoja nini naye?"

Ijumaa, mama yake Rahila alifungua mlango kwa hodi ya Mwanakhamis na shangazi zake wawili. Walibeba lile sinia la bati la sokoni, limebonyea ukingoni, limefunikwa kanga mpya. Chini ya kanga palikuwa na barua ya posa, imefungwa uzi mwekundu.

"Aisome mwanangu, mimi macho hayana nguvu," alisema mama.

Mwanakhamis akatabasamu. "Kaka kasema, uzi huu yeye haufungui. Mwenyewe ndiye afungue."

Rahila akaipokea barua. Akasema bismillahi, akavuta uzi.